Vidonge Ndani ya Uji wa Mume Wangu

Bi Thuwaiba, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijapasuka, maana hapa Makorora sina wa kumwambia, hata mama yangu mzazi sithubutu.

Mume wangu alipimwa damu hospitali, wakamkuta na mafuta mengi na sukari, na presha nayo iko juu, daktari akamweleza kwa upole kwamba dalili hizo zinaonyesha mishipa yake inakakamaa kama mpira wa maji ulioachwa juani, akampa vidonge na kumkataza chumvi na vya kukaanga, lakini mume wangu, mtu aliyepanga foleni miaka mizima kwa chupa ya mafuta, sasa maduka yamejaa madebe anasema hali vya kuchemsha wakati vitu vimerudi, anataka papa mkavu wa chumvi kila siku, vidonge akavitupa kabatini, akaenda Chumbageni kwa mpiga chuku, akachanjwa mgongo, akanyonywa damu kwa pembe, akarudi ametulia, anasema, "Si walisema ubaya uko kwenye damu? Basi damu yenyewe nimeitoa."

Nililia, nikamsihi, akanicheka. Ndipo nikaanza kusaga vidonge vyake na kumtilia kwenye uji wa asubuhi. Bi Thuwaiba, vimemfaa! Kichwa kimeacha kumgonga, presha imeshuka, na sifa zote kazipata mpiga chuku. Barazani hana hadithi nyingine. Sasa mdogo wake, shemeji yangu Abass, ambaye damu yake ilikutwa na mambo yale yale, ametupa vidonge vyake chooni, naye anachanjwa, na juzi akila kwangu tonge likamponyoka, mkono umekufa ganzi, akasema eti ameulalia vibaya.

Nikinyamaza, Abass atakufa. Nikisema, nani ataamini kuwa ni vidonge vya hospitali? Kwetu mke akikutwa anamtilia mumewe kitu kwenye chakula jina lake ni moja tu, limbwata, na jirani yetu alipoachwa kwa hilo, mume wangu aliapa kwamba yeye hatauliza swali, atatoa talaka. Nifanyeje?

Mwanamkasi (si jina langu)


Marahaba, Mwanamkasi. Nimeisoma barua yako, nikaiweka chini, nikanywa maji, nikaisoma tena. Mtaniua nyie watu!

Nianze na huyo bwana wako. Damu iliyopimwa ni shahidi, na kosa halifutiki kwa kumfukuza shahidi. Mafuta na sukari vinarudi na sahani ya jioni, na mshipa uliokakamaa haulainiki kwa kuchanjwa mgongo. Dhiki ya miaka ile naijua, foleni nami nilipanga, lakini hakuna awezaye kufuturu miaka yote kwa siku moja.

Sasa wewe. Nakuhurumia, ila usitazamie nikupigie makofi. Umemgeuza mgonjwa wako kuwa mpiga debe wa mpiga chuku. Vidonge vingine havifai kusagwa, na siku akianguka daktari atauliza anatumia dawa gani, naye ataapa hatumii kitu. Na huyo papa wa kila siku anajipika mwenyewe? Mkono huu unasaga dawa, mkono ule unatia chumvi. Ala!

Jibu hili nimekuletea nyumbani, kwa anwani uliyoandika nyuma ya bahasha, kabla halijachapwa gazetini, maana tonge kuponyoka si kulalia mkono. Hiyo ni hodi ya kiharusi. Vaa baibui lako sasa hivi, mchukue Abass umpeleke hospitali, akibisha muite mkewe msaidiane. Kisha mumeo aitwe huko huko, na mbele ya daktari utoe pakiti ya vidonge yenye jina lake umwambie, "Hivi ndivyo vilivyokuponya, ulikuwa ukivinywa kwenye uji." Daktari atakuwa shahidi wako, maana limbwata haliandikwi hospitali. Halafu papa mwache sokoni, na damu yako nayo ipimwe, kwani chungu mnachokula ni kimoja.

Atafoka. Huenda akaitoa hiyo talaka yake. Mwache aitoe. Talaka ina rejea, Mwanamkasi. Kaburi halina.