Jina la Mnyama wa Kilindini

Atlabara, Juba
Septemba 2016

Mdogo wangu Lino,

Huku tungali wazima, na mkate wa kisra unauzwa tena sokoni Konyo Konyo.

Nilimsomea Mama barua yako. Alicheka kusikia kwamba sponji uliyemtoa kilindini mwa bahari ni mnyama, si dodoki la kuogea. Nikamweleza jinsi ulivyoyeyusha nyama yake ukabaki na vijiti vyake vya kioo, ukavipima kwa hadubini, na kwamba havifanani na vya sponji yeyote aliyekwisha kuandikwa na wataalamu. "Kumbe Mungu bado anaficha vitu," akasema.

Kisha, kabla sijafikiri, nikasoma kwamba utampa jina la kaka yetu Albino. Kicheko kikakatika.

"Katika ukoo wetu jina hurithiwa mwenyewe akishakufa. Nani amemwambia Lino kwamba Albino amekufa?" akauliza Mama.

Ni mimi niliyekwambia. Habari za kile kiatu cha Albino kilicholetwa kutoka Rejaf baada ya mapigano nilikuandikia wewe tu. Mama bado humfunikia Albino chakula kila jioni, na asubuhi mimi huiosha ile sahani.

Baadaye akauliza huyo mnyama hufanya nini huko chini. Nikamsomea maneno yako: hukaa mahali pamoja maisha yake yote, gizani, akingoja kile ambacho maji yatamletea.

Mama akaitazama sahani iliyofunikwa.

"Basi ampe jina langu," akasema.

Mwandike Teresina, mdogo wangu. Sahani nitaendelea kuiosha mimi.

Dada yako,
Santina