Hakuna Aliyeniuliza Kwa Nini Nilipasuliwa

Ijumaa, Kilwa Masoko. Mvua imenyesha tangu alfajiri, kuni zimelowa, modemu inashika mtandao na kuuachia inavyotaka yenyewe. Mtoto ananipiga mateke chini ya mbavu. Nina hasira, na leo nimeamua kuiandika badala ya kuimeza na chai kama nilivyozoea.

Nianze mwanzo, maana wengi wanaosoma blogu hii wamezoea habari zangu za kufundisha darasa la nne na za chaki zinazokatika.

Nina mimba ya miezi minane. Mtoto wangu wa kwanza, Salma, ana miaka mitatu, naye alitolewa kwa operesheni. Kovu langu liko chini kabisa, limelala, nikivaa kanga halionekani. Mimba hii ya pili nataka kujifungua kwa njia ya kawaida.

Hicho tu. Sijaomba kiwanja.

Nataka kwa sababu ile njia nyingine nimeshaipita. Nilikaa wiki siwezi kucheka wala kukohoa bila kushika tumbo, na mwanangu akilia alinyanyuliwa na watu wengine. Nataka pia watoto zaidi ya huyu, na kila ninayemuuliza ananiambia nikipasuliwa mara kadhaa nitashauriwa nifunge kizazi. Na kuna maneno ya watu, nisijifanye siyasikii. Siku ya arobaini ya Salma, wifi yangu aliwaambia wageni kuwa mimi sikuzaa, nilitolewa mtoto. Walicheka. Na mimi nikacheka nao, nimeshika mshono.

Kwa hiyo nikaanza kutafuta mtu wa kunizalisha. Nilidhani nitamaliza kwa asubuhi moja.

Kliniki ya kwanza, ambayo sitaitaja, muuguzi aliliona kovu, akaandika neno moja kwenye kadi kwa kalamu nyekundu, akanirudishia kadi. Nirudi kabla ya siku zangu kutimia, nipasuliwe. Nikamuuliza kwa adabu kama inawezekana kujaribu kawaida. Akawaita wenzake waje wasikie. "Mwalimu, wewe fundisha," akaniambia, "kuzalisha tuachie sisi." Benchi zima la wajawazito likageuka kunitazama.

Jibu la hapana halikuniudhi. Angeniambia hapa hatuna damu ya akiba, hatuna daktari wa usiku, kovu likifunguka tutakupoteza wewe na mtoto, ningesema ahsante dada, nikaondoka. Najua kovu linaweza kufunguka. Sikwenda pale kama mtu aliyeokota habari njiani. Lakini hakusema hata moja kati ya hayo. Alicheka.

Nikaenda kwa daktari wa binafsi. Siku hizi biashara zimefunguliwa hata kwenye matibabu, na mwenye cheti na nyumba ya vigae anaweka kibao chake barabarani. Huyu ana televisheni kwenye chumba cha kusubiria na viti ambavyo bado vina nailoni ya dukani. Alikuwa mpole kuliko wote. Alinionyesha kalenda ya ukutani nichague siku ninayoipenda. Nilipouliza habari ya kawaida akashusha pumzi, akaniambia ukweli ambao nadhani hakukusudia kuniambia: uchungu hauna ratiba, na yeye anayo, maana kila mwisho wa wiki yuko Dar es Salaam kwa familia yake.

Yaani tumbo langu likatwe ili yeye awahi basi.

Niliondoka bila kuaga vizuri. Mama yangu angeniona angeona aibu.

Mama mkwe aliposikia nimekataa huko kote akafurahi, maana alikuwa na jibu lake tayari. Kuna bibi kule kijiji cha Mitole anazalisha nyumbani, amezalisha hata waliopasuliwa, anafunga tumbo kwa kitambaa na kuna dawa ya kunywa. Nikamwambia, kwa heshima zote, siendi. Akanuna. "Hospitali hutaki, kwa bibi hutaki," akasema, "sasa unataka kuzalia wapi, shuleni?"

Swali hilo nililala nalo siku nyingi. Kwa nini kila mtu anadhani kuna milango miwili tu? Nimekataa kukatwa bila kuambiwa sababu. Hospitali sijaikataa. Nataka kuzaa mwenyewe, na upande wa pili wa ukuta kuwe na mtu aliyeosha mikono, mwenye kisu, anayejua lini akitumie na lini akiache mezani. Hilo ndilo ombi la mwanamke mkaidi?

Baba Salma yuko Songo Songo kazini, mawasiliano yetu ni ya simu. Nilimlilia siku moja mpaka vocha ikaisha. Alipopiga tena aliniambia nitafute tu, hata mbali, yeye yuko nyuma yangu. Ndiyo maana nampenda.

Aliyenifungulia njia ni mwenzangu wa shuleni, Mwalimu Veronika. Dada yake alipasuliwa mtoto wa kwanza, wa pili akajifungua kawaida kwenye hospitali ya masista, huko bara ya Lindi. Kuna daktari mwanamke, akasema, ila ana maneno makavu. Nikamwambia maneno makavu nayaweza, nimechoka na kicheko.

Nikamchukua mama, maana kwetu mwanamke mwenye mimba hasafiri kwenda kwa wakunga bila mama yake. Mama anakaa Miteja, amekuja kwangu tangu mwezi uliopita. Juzi tulipanda basi, tukalala Lindi mjini kwa mjomba, jana asubuhi tukafika.

Daktari alikuwa ametoka chumba cha upasuaji, uso umechoka, miwani imefungwa uzi upande mmoja. Kitu cha kwanza alimwamkia mama shikamoo, mama akaitika marahaba na nikaona mabega yake yanashuka. Kisha akasoma karatasi niliyotoka nayo hospitali mara ya kwanza, mpaka mwisho. Akanitazama.

"Ulipasuliwa kwa nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kubishana, njia nzima nimepanga hoja zangu kama maswali ya mtihani. Kuulizwa sikuwa nimejiandaa. Kliniki zote nilizopita, mikono yote iliyopita juu ya tumbo langu, hakuna mtu hata mmoja aliyeuliza. Waliona mstari, wakaandika.

Machozi yalinitoka. Kwa hasira, si kwa kitu kingine.

Nikamjibu kuwa mtoto alitanguliza miguu. Akauliza uchungu ulianza saa ngapi na hospitali tulifika saa ngapi. Nikasema ulianza asubuhi, tukafika usiku. Akauliza kama gari lilikosekana. Hapo nikatazama sakafu, maana gari lilikuwepo. Jirani wa mama kule Miteja, nilikokwenda kusubiri kujifungua, alikuwa nalo, limeegeshwa uani siku nzima.

Niwaeleze wasio wa huku. Kwetu uchungu hautangazwi. Unaposhikwa unanyamaza, unaendelea kufagia, unaendelea kupepeta mchele, na anayejua ni mtu mzima mmoja tu. Wakijua wengi, wenye kijicho watakufunga, mtoto atagoma kutoka. Mama alituzaa sote hivyo. Mdogo wangu wa mwisho, majirani walijua siku waliposikia mtoto analia. Husifiwa kwa hilo mpaka leo, na mimi nimekua nikisikia anavyosifiwa.

Basi siku ya Salma nilifanya kama nilivyolelewa. Wageni walikuja kusalimia, nikawapikia chai huku nauma upindo wa kanga. Tulipokuja kuomba gari, mguu wa mtoto ulikuwa umeshatangulia.

Daktari alikuwa bado anasubiri jibu la gari. Mama akajibu.

"Mimi ndiye niliyemwambia asiseme."

Alisema taratibu, amekaa wima kwenye kiti, mikono juu ya mapaja. Sijawahi kumsikia mama akisema jambo kama hilo mbele ya mtu asiye wa nyumbani. Daktari hakumfokea. Alimwambia kuwa mtoto wa miguu huenda angetolewa kwa operesheni vilevile, lakini kwa utulivu, mchana, si kwa kukimbizana. Akanipima kwa muda mrefu. Mtoto wa sasa ametanguliza kichwa. Kilichosababisha mara ile hakipo mara hii, na kovu lenyewe limekatwa mahali panapovumilia. Hospitali ina damu, ina chumba cha upasuaji, ina mtu wa usiku. Naweza kujaribu.

Kisha yakaja maneno makavu. Haniahidi kitu. Akiona hatari atapasua, na sitabishana naye. Nikakubali pale pale. Miezi yote nilikuwa namtafuta mtu wa kuniambia hivyo, akinitazama machoni.

Sharti lake ni moja lenye pande mbili. Nihamie mapema kwenye nyumba yao ya kusubiria wajawazito, hatua chache tu kutoka wodini. Na maumivu ya kwanza kabisa, hata kama ni madogo, hata kama nina mashaka nayo, niseme. Nisimwambie mtu mzima mmoja. Nimwambie yeyote aliye karibu. "Hapa uchungu unatangazwa," akasema, na alikuwa anamtazama mama.

Ningependa kuandika kuwa tulirudi kwa furaha. Njia nzima ndani ya basi sikuongea na mama. Nilikuwa nimewakasirikia wauguzi na madaktari miezi yote hii, hasira safi, ina anwani, na sasa sehemu yake ilikuwa imekaa kiti cha pembeni yangu, imenishikia chupa ya maji. Nilikumbuka nilivyouma ile kanga, na mkono wake mgongoni kwangu, na sauti yake ikinong'ona nivumilie, nisiwape watu la kusema. Nilitamani kumuuliza kama angeninyamazisha hata kama ningekufa.

Sikuuliza. Nadhani swali hilo alikuwa anajiuliza mwenyewe, maana tulipofika Nangurukuru alikuwa hajala hata ndizi aliyoinunua.

Bado nimemkasirikia. Mtu anaweza kumpenda mama yake na kumkasirikia kwa siku hiyohiyo, nimethibitisha.

Leo asubuhi mvua ilipotulia kidogo, Mama Hadija wa nyumba ya jirani akaja barazani. Alitaka kujua tulikuwa wapi, maana nyumba ilifungwa, na Salma alionekana kwa shangazi yake. Mimi nilikuwa ndani, nimetega sikio. Jibu la mama nilikuwa nalijua kabla hajafungua mdomo: tulikwenda kusalimia ndugu. Ndiyo jibu la siku zote. Mimba haisemwi, kliniki haisemwi, safari ya kizazi haisemwi, na Mama Hadija ndiye mtu ambaye mama angemficha kuliko wote, kwa sababu anayosikia asubuhi, adhuhuri yako sokoni.

"Tulikwenda kutafuta pa kuzalia," mama akasema. "Huyu ana kovu, na anataka kuzaa kawaida. Tumepata daktari. Akishikwa na uchungu nitakupigia simu wewe wa kwanza, uwaambie na wengine."

Nilichungulia. Mama Hadija alikuwa hajui atazame wapi, na mama alikuwa anajifanya anakunja nguo ambazo bado ni mbichi.

Nilitoka nikakaa karibu naye.

Kama mama ameweza kumwambia Mama Hadija, mimi nitashindwaje kuwaambia ninyi? Nina mimba ya miezi minane. Nina kovu. Wiki ijayo nahamia kule kwa masista, na mama amekwisha kufunga kanga zake. Huenda nitazaa mwenyewe, huenda nitapasuliwa tena, na nikipasuliwa nitakuwa nimeambiwa kwa nini. Nikishikwa na uchungu nitasema, na nikiweza nitaandika hapa, wenye kijicho nao wasome.

Ila hasira yangu ya kwanza bado ipo palepale, haijahamia yote kwa mama. Jumatatu asubuhi mwanamke mwingine ataketi kwenye lile benchi, atafunua tumbo, na kalamu nyekundu itafunguliwa. Nani atamuuliza kwa nini?