Buti la Mkungu Mzima

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Na bado nasema rangi nayo ni kitu. Mwesiga acheke anavyotaka. Tangu asubuhi ananitania kwamba mke wake akikutanishwa na watengenezaji wa magari, neno lake la kwanza litakuwa "jekundu". Ndiyo, jekundu! Siyo lile lililofifia la mabati ya sokoni hapa Isingiro — jekundu la kahawa iliyoiva mtini.

Niandike vizuri nisije nikasahau siku hizi zilivyokuwa. Kuna gari dogo linaitwa Hibari. Linaundwa upya, na wakala wao Dar ameomba wapenzi wa gari hilo waseme wanataka nini kwenye shepu mpya. Basi huku kwetu limeanzishwa kundi la simu, Wapenzi wa Hibari Karagwe na Kyerwa. Katibu wake ni mume wangu.

Mume wangu! Bado nikiliandika neno hili mkono unataka kucheka.

Wenye gari kwenye kundi ni wachache. Nolasco, mwalimu wa hapa jirani, ana Hibari la zamani. Tuyizere, mama mnunuzi wa kahawa, analo pia, na huendesha mwenyewe. Polikarpi ni fundi, hana gari lakini kila gari ni lake. Waliobaki ni kama Mwesiga wangu — wana pikipiki na mapenzi.

Jumapili, 10 Agosti

Tumetoka misani tumeshikana mikono mpaka barabarani, halafu akaniachia kwa aibu baada ya kumwona katekista. Nampenda.

Padre amehubiri juu ya ahadi, na mimi mawazo yakarudi kwenye siku ya harusi mwezi uliopita. Baba mdogo Placidius alisimama na glasi yake akamwambia Mwesiga, mbele ya ukoo mzima, kwamba wametumia magari ya kukodi kumchukua binti yetu, je, watamrudisha kutusalimia kwa usafiri gani? Watu wakacheka. Mwesiga hakucheka. Akasema, "Kwa gari langu mwenyewe." Baba mdogo akajibu, "Haya, tutasikiliza mlio wake."

Vigelegele! Na mimi nilipiga. Chini ya shela, nilipiga.

Sasa kwetu bibi harusi hakanyagi nyumbani kwao mpaka mume ampeleke rasmi, na mkungu mzima wa ndizi na rubisi, pombe yetu ya ndizi, ya wazee. Kabla ya hapo haendi hata kama anaona moshi wa jiko la mama yake. Songambele kwetu siyo mbali. Kwa pikipiki ukitoka hapa chai ikiwa moto, unafika hata hujasikia njaa. Lakini Mwesiga ametoa neno. Na gari analolingoja halijaundwa.

Jumatano, 13 Agosti

Kundi limechachamaa. Mwesiga ananichezea sauti zao tukimenya ndizi — ndiyo, anamenya, mama mkwe anajifanya haoni.

Nolasco anataka lipande juu. Anasema Hibari lake likishuka mlima wa Nyakatuntu linalamba barabara kama mbuzi anayelamba chumvi. Anataka tairi la akiba lililo kamili, siyo kile kichupa cha gundi wanachoweka siku hizi, maana huku gundi utaipulizia nini, shimo? Polikarpi anataka vitufe. Skrini ni ya watu wenye mikono misafi, amesema, na vumbi letu la Agosti halina adabu. Pia gia ya mkono, na injini ambayo fundi akifungua boneti anaiona, haijafunikwa plastiki kama marehemu. Tuyizere amesema nyinyi wanaume mnaongelea gari kama halina mtu ndani. Yeye anataka kiti kinachopanda, aone mbele bila kukalia mto.

Mtu mmoja wa Kayanga anataka taa za mviringo kama zile za zamani. Wengine hamsini wamemuunga mkono, au labda ni watano wenye kelele.

Nikawaza. Wanataka gari jipya, lakini ukisikiliza sana wanataka lile la zamani siku ile lilipokuwa jipya. Nilimwambia Mwesiga. Akaacha kisu, akanitazama muda. "Hiyo naiandika," akasema. Ameiandika kweli!

Ijumaa, 15 Agosti

Sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa. Mama amepiga simu. Mimi ndiye kitinda mimba wake, na baba hayupo tena, kwa hiyo nyumba ile ina yeye na kuku. Anasema bado mkono wake haujazoea, anapika ndizi za watu wawili. Za ziada anapeleka kwa jirani. Akasema jirani ananenepa. Tulicheka wote.

Hakuuliza nakuja lini. Angeuliza ingekuwa afadhali.

Mwesiga aliporudi alikuwa na habari — kundi sasa linataka waongeze keria juu, na kama wakala akikubali, gari linaweza kuchelewa kidogo lakini litakuja limekamilika. Uso wake ulikuwa unang'aa. Nikasema vizuri, mume wangu. Kila wanachoongeza kinanisogeza mbali na Songambele, lakini ningesemaje na uso ule?

Jumanne, 19 Agosti

Nimekaa na mama mkwe kwenye mkeka tukichambua kahawa. Yeye huchambua bila kutazama, vidole vinajua vyenyewe. Nikajikuta nawaza: na mimi nilipokuwa sijafika, hapa walikaa hivihivi? Tunataka awe na hiki, asiwe na kile? Mimi ni mfupi. Dogo la mwendo mfupi, kama Hibari.

Nikapata ujasiri nikamuuliza, walitaka mke wa namna gani. Akatupa punje mbovu nje ya mkeka. Halafu akasema shangazi zake Mwesiga walitaka mrefu, mwalimu, wa Bukoba ikiwezekana. "Na wewe, mama?" Akasema yeye alitaka mtu anayecheka, maana nyumba hii ilikuwa imenyamaza tangu mzee afe. Kisha akaniagiza chungwa, kama hakusema kitu.

Nimelia kidogo jikoni. Kilio kizuri.

Ila nimejifunza jambo. Wengi walitaka mengi. Aliyeijua nyumba alitaka kimoja.

Jumamosi, 23 Agosti

Leo! Sijui nianzie wapi.

Wamekuja hapa nyumbani, Nolasco na Hibari lake, Polikarpi, Tuyizere. Kazi ilikuwa kukubaliana juu ya buti. Karatasi za magari zinapima buti kwa lita. Tuyizere akauliza nani kati yao amewahi kubeba lita. Huku tunabeba mikungu. Basi Mwesiga akasema tupime kwa mkungu, wakala aambiwe: buti liwe la mkungu mmoja, mzima, umelala na mkia wake. Wakashangilia. Mimi pia — nilimwona kama waziri!

Akaingia kibanjani, kwenye migomba, na panga. Akarudi amebeba mkungu wa nshakala, ndizi za kupika, mkubwa kuliko yote, vidole vimejaa, amelowa utomvu begani. Wakauingiza kwenye buti la Nolasco. Haukuenea. Wakaulaza, wakaugeuza, wakalaza kiti cha nyuma, Polikarpi akaingia mwenyewe ndani ya buti kuvuta. Mkia umebaki nje, kiasi cha kiganja. Nolasco akasema si ukatwe tu huo mkia. Polikarpi akamwambia afunge mdomo, gari lake limefeli mtihani na mwalimu hataki kusahihisha.

Hapo ndipo mama mkwe aliporudi kutoka sala ya jumuiya.

Hakupaza sauti. Aliuzunguka ule mkungu, akashika ukamba wa jani kavu uliofungwa kwenye shina lake. Akamuuliza Mwesiga kama alifikiri ukamba ule ni pambo. Mwesiga akasema alidhani ni wa kushikia mti usianguke na upepo. Masikini mume wangu. Kumbe mama aliufunga tangu wiki ya harusi. Ndio mkungu aliouchagua wa kwenda Songambele, kwa mama yangu. Ukiwekewa alama ya wakwe hauguswi na panga ila asubuhi ya safari.

Nolasco, kwa nia njema, akasema basi tuupike, kuna watu hapa wana njaa.

Mama mkwe akamtazama. "Mkungu huu umeshaanza safari," akasema. "Haurudi jikoni kwangu."

Na wala mkia haukatwi, kwa sababu huwezi kumpelekea mkwe mkungu wenye jeraha. Akaingia ndani kubadilisha kanga yake ya jumuiya.

Wote wakautazama mkungu kama mgeni aliyefika bila taarifa.

Jumapili, 24 Agosti

Mkungu uko barazani, umeegemezwa ukutani, umefunikwa majani makavu. Tukipita tunapunguza sauti.

Mwesiga hajacheza hata sauti moja ya kundi.

Jumatatu, 25 Agosti

Wakala ametoa tangazo. Hibari jipya halitakuja mwaka huu. Maoni ni mengi, wanayafanyia kazi, wapenzi wawe na subira.

Mwesiga alinisomea amesimama mlangoni, sauti ya katibu. Halafu akalisoma tena kimya kimya. Nikamwendea nikamkumbatia kwa nyuma, mbele ya mkungu, mbele ya kuku, sijali.

Nolasco amemtumia ujumbe kwamba Hibari lake lipo, achukue siku yoyote, mkia tutaufunga kitambaa chekundu kama mbao za kwenye lori. Mwesiga amemshukuru. Lakini aliniambia neno lake lilikuwa "langu mwenyewe", na Baba mdogo Placidius ni mtu atakayeuliza kadi ya gari kabla ya kuuliza hali.

Ni kweli. Atauliza.

Jumatano, 27 Agosti

Leo nimesema. Nilikuwa nimejiandaa kusema vizuri, yakatoka yenyewe tukianua kahawa.

Nilimwambia nimeyasikia yote wanayotaka kwenye gari lile. Lipande juu, vitufe, tairi la akiba, taa za mviringo. Hata langu la rangi limo. Wamejadili mlima, shimo, vumbi, mkungu. Sijasikia hata mmoja akisema gari linakwenda wapi.

"Mimi naijua safari," nikamwambia. "Gari ndilo sijui. Mama anapika ndizi za watu wawili, Mwesiga."

 Alikunja turubai taratibu sana, kona kwa kona. Nikaogopa nimemuumiza. Yeye siyo mtu wa kiburi, ningependa niliandike hili hata kama hakuna atakayelisoma. Alisema lile neno siku ile kwa sababu alinipenda na watu walikuwa wanamtazama. Na mimi nililipenda neno lenyewe. Nilijiona tayari nashuka kwenye gari jekundu, binamu zangu wamepanga mstari kwenye ua. Tumelipanda wote wawili gari hilo ambalo halipo.

Baadaye nilimwona barazani amechuchumaa mbele ya mkungu. Ameshika mkia, anaupima kwa kiganja. Kisha akaenda kusimama karibu na pikipiki yake, akapima keria ya nyuma kwa mkono uleule. Aliponiona akajifanya anafuta vumbi kwenye taa.

Taa ya pikipiki yake ni ya mviringo. Sikuwahi kuiona.

Alhamisi, 28 Agosti

Kidole kimoja cha mkungu, kile cha juu kabisa, kimeanza kuwa njano. Mama mkwe amekiona.  Amefunga kidumu cha rubisi kwa jani jipya akakiweka pembeni ya mkungu, akaenda zake shambani akiimba.

Polikarpi alipita mchana na kipande cha chuma na mipira ya baiskeli ya kufungia mizigo. Wakakaa na Mwesiga nyuma ya nyumba, nikasikia nyundo. Nilipotoka na chai wakaweka nyundo chini. Polikarpi akaniambia shemeji, tunaunda shepu mpya. Mwesiga akamwambia anywe chai. Lakini kuna mahali bado hawajakubaliana: mkungu ukikaa nyuma mzima na mkia wake, mimi nakaa wapi? Na nikikaa mimi, mkungu je? Polikarpi anasema ziende pikipiki mbili. Mwesiga anasema mke hapandi pikipiki ya mtu mwingine siku ya kurudishwa kwao. Tuyizere amepiga akasema yeye Jumamosi anapita Songambele kuchukua kahawa, na buti lake halijapimwa. Hakuna lililoamuliwa.

Na hapo ndipo simu ya mama ilipoita.

Nilikuwa na unga mikononi. Mwesiga akaichukua. Akavua kofia, akasimama wima, kama mama anamwona!

"Shikamoo, mama."

Nikamwendea karibu nisikie. Mama alimuuliza habari za nyumbani, za mama yake, za kahawa. Taratibu, kwa adabu ya mkwe. Kisha akasema Baba mdogo Placidius anauliza kila siku, na yeye ameishiwa majibu. Tena njia yao ina magari mengi siku hizi. Wasikilize mlio gani?

Mwesiga akautazama mkungu. Akaitazama pikipiki, na kile chuma ambacho bado hakijafungwa. Akanitazama mimi, unga mpaka kwenye kiwiko.

"Sikilizeni wowote, mama," akasema. "Kabla mwezi huu haujaisha tutafika."