Kifaa Namba Kumi na Saba

Nyumbani kwa mama,
Chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 9, mwezi wa sita.

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako limepata nafuu licha ya baridi ya huko. Wifi hajambo? Mwambie yule mdogo wenu kwamba shangazi yake ameipokea ile picha, ingawa amenichora na masharubu. Sisi huku ni wazima wa mwili. Mengine ndiyo haya nakuandikia.

Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu siwezi. Unanijua, nikianza kulia siongei tena, na wewe ukisikia nalia unaanza kunibembeleza. Leo sitaki kubembelezwa. Nataka usome mpaka mwisho, ndipo ukasirike.

Unakikumbuka kile kifaa tulichomvisha mama mkononi miaka miwili iliyopita, kidogo kama kifungo cha koti. Akianguka akakaa dakika mbili bila kuinuka, kinapeleka habari bila waya hadi kwenye kiboksi cha ukutani, na simu yangu na yako zinalia. Tuliwavisha wazee thelathini, na chake kilikuwa namba kumi na saba. Alikuwa anakiita mkwe. Alisema kwa kuwa mimi sina hata dalili ya kuolewa, basi huyo ndiye mkwe wake: hanywi, halali nje, wala haombi nauli. Kila mgeni aliyeingia alitambulishwa.

Fedha za utafiti zilikuwa za miaka miwili tu. Ili tuendelee, na tutengeneze kizazi kipya cha vifaa, ilibidi ombi lifike kwa mfuko wa utafiti, kwa njia ya mtandao, kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Profesa wetu aliliandika miezi mitatu mpaka akakonda, maskini.

Sasa sikia ujinga wa mdogo wako. Karakana yetu ina kabati la chuma. Vifaa vipya huwashwa humo tu, mlango umefungwa, ili mawimbi yake yasivuruge mtandao wa jengo. Hilo ndilo jambo la kwanza tunalomfundisha mtu akija kazini. Ijumaa ile Profesa alitaka picha ya kuweka kwenye ukurasa wa mwisho wa ombi. Nikavitoa vile vipya vya majaribio, vyote arobaini, nikavipanga mezani, nikaviwasha vikawa vinametameta, nikapiga picha. Ilitoka nzuri kweli. Nikampelekea kwenye flashi, nikaenda kuchukua chai, na vile vifaa nimeviacha mezani vinaongea vyote kwa pamoja.

Ombi likakwama. Profesa anahangaika, anawalaani watu wa mfuko na tovuti yao, na mimi nimesimama nyuma yake na kikombe, namwambia ajaribu tena. Ajaribu tena! Nilipokumbuka nilikimbia kuvizima, na faili likaenda papo hapo. Saa sita na dakika nne. Wameshafunga. Wataalamu wazima wa mawasiliano, kaka, tumeshindwa kutuma barua. Sikumwambia mtu.

Bila fedha, kibali cha kutumia masafa ya redio ya vile vifaa kikaisha, na vifaa vyote thelathini vikatakiwa kurudi. Cha mama nilimvua mwenyewe. Hakugomba, na hilo liliniuma zaidi. Alijisugua mkono pale kilipokuwa, akaniuliza, "Kwani mkwe kafanya kosa gani?" Nikamjibu ni mambo ya ofisi.

Wiki tatu baadaye akaanguka. Na hapa ndipo nilipokudanganya. Nilikwambia tulimwahi. Hatukumwahi, kaka. Alianguka jikoni saa tatu asubuhi. Jirani yetu fundi cherehani alisikia ndoo ikidondoka, akadhani ni paka. Mimi nilimkuta saa kumi jioni. Nilikuwa nimempigia mara mbili, na alipokuwa hapokei nikajisemea yuko uani anafua. Simu ilikuwa mezani, hatua tatu tu kutoka alipolala. Alikuwa anaisikia ikilia. Alifia njiani kwenda hospitali, na daktari aliniambia wazi kwamba angefikishwa asubuhi angepona. Muda wote huo nilikuwa karakana, nafunga vifaa kwenye maboksi.

Baada ya mazishi nilimweleza Profesa habari ya vile arobaini. Alivua miwani tu. Hakunifukuza, afadhali angenifukuza. Kumbe mfuko umefungua nafasi nyingine, na safari hii fomu inataka haja ielezwe kwa mfano mmoja wa kweli. Profesa anaomba ruhusa ya familia tumwandike mama. Mkubwa wetu sasa ni wewe.

Nimeshaandika. Majina hayaruhusiwi, kwa hiyo ni "mshiriki wa kike, umri miaka sabini na mmoja, alilala sakafuni kwa muda wa saa saba". Nimeisoma mara nyingi mpaka haifanani tena na mama. Wale wazee wengine bado wanashinda peke yao nyumbani, na mmoja, mwalimu mstaafu, hunipigia kila wiki kuuliza kifaa chake kinarudi lini. Nikimsikia, natamani nitume leo leo. Halafu naogopa kwamba labda nazitaka hizo fedha ili mimi nipate nafuu, basi. Sijui, kaka. Kwa kweli sijui.

Mfuko unafunga mwisho wa mwezi. Nijibu neno moja tu, ndiyo au hapana, na nitalifuata bila ubishi. Na kama kwa sasa huwezi kuongea na mimi, mjibu Profesa. Namba yake nimeiandika nyuma ya bahasha.

Msalimie sana wifi na watoto, na mama mkwe wako pia. Huku mama mdogo anakusalimu. Amehamia hapa kwa muda, ananilazimisha kula. Mungu akutunze, akupe moyo wa kuyabeba haya niliyokutwika.

Akupendaye, ujibu usijibu,
mdogo wako,
Waya