Kabati Lenye Jina Langu

Jumatatu Pahing, 16 Julai 2018

Darsih amekuja hatimaye. Nilimwita mara tatu. Mafundi seremala wamejaa mji mzima wa Jepara, lakini nilimtaka yeye. Mguu mmoja wa kabati umelegea, mchwa wamekula tundu anamoingia ulimi wa ubao. Jumamosi kabati linakwenda shuleni kwangu kwa zamani, kwenye chumba cha makumbusho. Kibao cha shaba kimeshachongwa: Kazi ya Mwalimu Suwandono, 1968.

Niandike sasa, kabla mkono haujagoma. Kabati hili sikulitengeneza mimi. Alilitengeneza Kasmuri, mfagiaji wa shule, kwa mtihani wake wa useremala. Msimamizi nilikuwa mimi. Nilimfelisha kwa sababu alipiga nyundo kwa mkono wa kushoto. Niliandika: "Hana adabu ya kazi." Yeye akarudi kwenye ufagio. Kabati nikalipeleka maonyesho ya Semarang kwa jina langu. Likapata medali — nami nikapata ukuu wa shule.

Darsih ni binti yake. Hajui lolote. Nimemwita nimwambie. Leo nimemwambia chai iko mezani.

Jumanne Pon, 17 Julai

Nimeketi siku nzima nikimtazama. Mwanamke huyu hana haraka kabisa!

Mpwa wake kamwazima ruta, mashine ya kuchimbia mbao. Hakuigusisha kabati. Kajaribu kwanza kwenye kipande cha mtiki chakavu. Kelele, moshi, pembe zikatoka duara. "Hii inakula kama mbuzi," kasema, "haichagui." Ikawekwa kando. Akashika keekee ya umeme — mshipa mgumu wa mti ukaisukuma pembeni. Patasi bapa nayo nyembamba, ikifika chini inajipinda. Mwisho akafungua mfuko wa majuba, zile patasi nene za kutobolea. Juba linaongozwa na mbavu zake lenyewe. Likianza wima, linafika wima. Hayo nimeyafundisha miaka thelathini kwa chaki. Yeye anayajua kwa kiganja.

Akamulika tochi kwenye tundu la mguu mzima. Alama za makali mle ndani zimelala upande usio wa kawaida. "Mbah Guru!" — Babu Mwalimu, ndivyo aniitavyo. "Kumbe wewe ni mashoto?"

Nikajibu: zamani, kabla sijarekebishwa.

Nimedanganya tena! Nina miaka themanini na minne, moyo umechoka, daktari ameacha hata kunipa tarehe ya kurudi — na bado nadanganya.

Akapiga paja akicheka. "Kama marehemu baba! Na mlivyokuwa mkiwachapa watoto wa kushoto, nyie walimu! Mnafiki mkubwa wewe, Mbah." Utani tu. Chai ilinimwagikia kanzuni.

Jumatano Wage, 18 Julai

Mdomo wa tundu ulioliwa na mchwa ameukata na kuuziba kwa kipande cha mtiki wa zamani. Sasa tundu likatwe upya. Lakini hana juba linalofaa! La milimita kumi linacheza, la kumi na mbili linakwama. Matundu ya kabati hili yana upana wa peke yake.

Nikamwambia atumie tu la kumi na mbili. Litazibwa, nani ataona?

Alinitazama kama mtu aliyemkuta imamu akiiba viatu. "Nani ataona? Mimi nitaona, Mbah. Matundu saba yamekatwa hivi, unywele haupiti. La nane nilipanue kwa sababu ni mvivu? Mwenyewe ulifanyaje kazi hii halafu unaniambia maneno hayo?"

Ningelikuwa na wanafunzi watatu kama yeye, shule ile isingehitaji makumbusho.

Alhamisi Kliwon, 19 Julai

Hakuja. Siku ya Kliwon, ya mizimu katika juma letu la Kijava la siku tano, hafungui samani ya mtu. Kifua kizito. Nimekunywa uji vijiko vinne.

Ijumaa Legi, 20 Julai

Amekuja na kitu ndani ya kitambaa. Juba la baba yake, alilolifua mwenyewe kwa springi ya lori. Kaligusisha kwenye tundu la mguu mzima. Likaingia bila sauti. Halikucheza, halikukwama.

Akaliacha pale muda mrefu. Akalitoa. Akalirudisha tena.

"Labda wewe na baba mlifua majuba yenu kwa springi moja," kasema taratibu, bila kunitazama. Alinifungulia mlango nitokee kwa heshima. Nami nikatoka! Nikasema: huenda.

Akalinoa kwenye jiwe, akaanza kukata. Nyundo ya mbao, pigo fupi fupi, anageuza, anachokoa vumbi, anapiga. Hakupima mara ya pili. Ulimi ukaingia kwa kusukumwa na dole gumba. Sijaona mkono wa namna hiyo tangu 1968.

Gundi kesho.

Jumamosi Pahing, 21 Julai

Saa nne asubuhi. Naandika chumbani, nimesingizia dawa.

Mkuu wa shule wa sasa, Pak Hendarto, amefika na vijana wa kubeba na kibao chake. Nikasimama. Nikasema mbele ya wote: sikulitengeneza mimi, alilitengeneza Kasmuri, mfagiaji wetu, nilimfelisha na nikamwibia.

Wakatabasamu! Pak Hendarto akainama, akanishika mkono kwa mikono miwili. "Mnamsikia? Hivi ndivyo wazee wetu walivyo. Kazi kubwa namna hii, halafu sifa anampa mfagiaji." Kijana mmoja akapiga makofi. Nikarudia. Makofi yakazidi. Maisha yangu yote nimewafundisha watu kujishusha, na leo ukweli wangu wameupokea kama adabu.

Darsih hakupiga makofi.

Namwona kupitia pazia. Gundi iko motoni, ulimi uko mkononi mwake. Pak Hendarto anamhimiza: funga basi, mama, gari linasubiri. Ameiepua gundi. Ameweka ulimi chini. Amekaa kwenye kigoda, juba mapajani, uso kwangu.

"Mbah Guru," anaita. "Hao waache. Njoo uniambie mimi."

Pak Hendarto anauliza kuna nini.

Fimbo yangu ya kutembelea iko wapi —