Neno Alilozungushia Mwalimu

Jumanne, baada ya chakula

Afadhali angenipa sifuri. Mwalimu wa kozi ya uandishi amenipa maksi nyingi kuliko darasa lote, na tangu nitoke chuoni roho yangu haijatulia.

Insha ilikuwa juu ya mzazi. Niliandika vile marehemu mama alikuwa anatoka kuchuma majani chai huko Kimulot, amelowa, halafu anatupikia chai ya maziwa kabla hata hajabadilisha nguo. Nikamaliza hivi: "Chai ya mama ilikuwa damu."

Mwalimu amezungushia hilo neno damu kalamu nyekundu. Kando ameandika: "Umesema jambo zito kuhusu mateso ya wachumaji." Kesho anataka niisome mbele ya wenzangu, wale watoto wa juzi.

Nilimwonyesha binti yangu Chebet. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Mama, si ulitaka kusema tamu? Hiyo ni ulimi yako ya Kipsigis imeandika, ile haitofautishi t na d." Kisha akasema, "Wewe nyamaza tu. Kubali maksi."

Nilitaka kusema tamu. Hata sikuona. Na nikisema ukweli watajua niliachia shule darasa la sita, na pengine mwalimu aone sifai kuendelea. Hapo ndipo ninaogopa, kwa sababu hii kozi nimeitamani sana.

Lakini mama alichoka miaka yote hiyo na hakuwahi kututilia uchungu wake kwenye kikombe. Kesho nitasimama niseme nilikosea. Ilikuwa tamu.