Viazi Vyenye Sura

Jumatano, 24 Oktoba
Naongea, simu inaandika — Darlys, binti yangu, ndiye kanitengenezea. Shule sikukaa, lakini mdomo ninao. Haya. Usiku wa ombaomba ni Jumanne. Watoto watajipamba kama mizimu, wagonge milango wapewe peremende. Mimi mwaka huu peremende sitoi. Mwaka jana nilipika mwenyewe, za karanga, kama za mama — na mama alikuwa na mkono, ile siagi yake... nimepotea. Maren wa jirani, miaka sita, alitafuna moja akavimba koo. Hospitali siku mbili. Sikujua karanga zinamdhuru! Tangu hapo mama yake, Kirsten, ananisalimia kwa kidevu tu, na mtoto hakanyagi kibarazani kwangu. Namtaka arudi. Basi.

Jumapili, 28 Oktoba
Nitatoa viazi! Vya bustani yangu, nimevisugua mpaka vinang'aa. Kila kimoja nimekichora sura — macho, meno, kimoja kina masharubu kama ya marehemu mume wangu, Orval, ambaye kwa kweli hayakumpendeza. Darlys kaja, kacheka mpaka kakaa chini. Eti watoto watanirushia dirishani. Nikamwambia wakirusha nitaokota nipike supu.

Nimemwambia Kirsten, kwenye uzio: safari hii hakuna karanga, hakuna sukari. Akasema ahsante. Akaendelea kufagia majani yaleyale.

Jumanne, 30 Oktoba
Saa kumi na mbili jioni. Wanakuja! Hapa Des Moines, Iowa, hupewi kitu mpaka utoe kichekesho. Mtoto mmoja aliyevaa kiharamia kasahau chake katikati, nikampa viwili kwa huruma. Wengine wamerudi, eti kiazi chao kinataka ndugu. Darlys hacheki tena, yuko jikoni anachora vingine. Mimi hapa kibarazani na —

Ngoja. Kirsten yuko getini. Kamshika Maren mkono, mtoto kavaa mabawa ya nyuki. Hawaingii. Wamesimama.

Maren anapaza sauti kutoka kulekule: "Bibi, ng'ombe akiruka kamba anatoa nini?"

Siagi. Maziwa yametikisika, Iowa nzima inajua ni siagi.

"Sijui, mjukuu wangu," nasema. "Njoo uninong'oneze."

Mtoto anamtazama mama yake. Kirsten anavitazama viazi, ananitazama mimi, anavitazama tena viazi. Na ule mkono wake uliomshika Maren, taratibu, kidole kimoja kimoja, unaachia —